Sekunde Nne za Ukimya

Jumapili, 16 Februari 2025

Nimemrekodi Mzee Balthazar. Hatimaye! Miaka mitatu namwomba, miaka mitatu ananijibu kwamba inanga si redio. Leo kaniita mwenyewe. Baada ya misa akanishika mkono pale mlangoni: njoo na mashine zako, mwaka huu sidhani kama Aprili nitafika.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Niandike vizuri, kwa ajili yangu mimi Franck, nitakapokuwa mzee na nimesahau. Inanga ni mti uliochimbwa kama sinia refu, una nyuzi nane. Ya kwake aliichonga hapa hapa Fort Worth, kutoka tawi lililoanguka mwaka wa ile barafu kubwa, na nyuzi alitoa kwenye waya za breki za baiskeli. Anayeipiga haimbi. Ananong'ona. Nyuzi zinavuma na mnong'ono unapita katikati yake, ukikaa mbali kidogo unadhani mti ndio unaosema. Burundi wazee wa namna hiyo walikuwepo wengi. Texas namjua mmoja.

Na wimbo wake ni majina tu. Watu thelathini na nane wa kilima chao (kwetu Burundi kilima ndicho kijiji), waliouawa mwaka wa sabini na mbili, yeye akiwa na miaka kumi na minne. Hakuna kaburi wala karatasi. Kila tarehe 29 Aprili anakaa, anawataja mmoja mmoja, anaifunga inanga kwenye blanketi mpaka mwaka ujao. Kambini kwetu wakimbizi, Tanzania, siku hiyo sisi watoto tulipita nyuma ya nyumba yake kwa ncha za vidole.

Tulizima friji, tukazima hita. Mkewe, Léoncie — Mama Elvire, ndivyo tunavyomwita wote — alikuwa mazoezi ya kwaya. Binti yao Elvire alikuwa kazini. Tulikuwa wawili tu. Mzee akakaa kimya kwanza, kichwa chini, anapumua. Nikapiga kavideo kafupi kwa simu, kisha nikaiweka chini. Baada ya hapo macho yangu yote kwenye mita ya sauti: isizidi, isishuke. Dakika ishirini na mbili. Sauti safi kabisa! Ila kuna kiyoyozi cha jirani kinavuma kwa mbali. Nitakisafisha.

Alipomaliza akaniuliza: "Umewasikia?"

Nikamwambia vizuri sana mzee, sauti haikupasuka hata mahali pamoja. Akaniangalia, akaenda kuwasha friji.

Alhamisi, 20 Februari

Ghala asubuhi, saa kumi na moja mpaka saa nane mchana. Skana mpya za kazini zinapiga noti mbili badala ya moja. Nimezirekodi kwa siri mfukoni. Mfanyakazi mwenzangu kaniuliza kwa nini natabasamu na boksi.

Nimemsafisha Mzee. Laptopu imejaa mpaka kooni, haikubali faili mpya, kwa hiyo nilifanya yote kwa mpigo mmoja. Programu inataka uionyeshe kwanza kelele peke yake, pasipo na kitu kingine, ijifunze; halafu inaitafuta kote na kuiondoa. Nikaipa zile sekunde nne za mwanzo, Mzee alipokuwa anapumua tu. Nikaiambia ihifadhi mahali pa ile ya zamani. Nikaenda kuoga. Niliporudi imemaliza. Nikasikiliza mapigo mawili ya mwanzo kwenye spika ndogo: nyuzi safi, kiyoyozi hakipo!

Kadi ya kinasa sauti nimeifuta, maana Jumapili narekodi ubatizo kule Richardson.

Alhamisi, 27 Februari

Wacuka kapiga simu kutoka Houston. Ni Mkenya, anaishi Katy, pembeni ya mji, anaandaa maonyesho ya sanaa ya sauti kwenye ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi. Tulikutana mwaka jana, aliposikia ile kazi yangu ya mikanda ya mizigo na honi za folklifti akakaa nayo mpaka mwisho, jambo ambalo hata mama yangu hajawahi kufanya.

Ana nafasi tarehe 15 Machi. Chumba kizima, spika nane. Msanii mmoja kajitoa. Anauliza nina nini.

Spika nane! Nyuzi nane! Nikamwambia nina kitu ambacho hakijawahi kusikika katika nchi hii.

Sijamwomba Mzee ruhusa. Nitamwomba. Nikimweleza vizuri ataelewa — nyuzi tu, majina nitayaacha chini sana, kama kivuli.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee yuko hospitali tangu jana. Elvire kanipigia akiwa kwenye gari. Yeye ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo anajua maneno yote na hilo halimsaidii. "Ni maji kwenye mapafu, Franck. Wata-drain kesho, halafu tutaona. Mama usimwambie kitu, mimi ndiye nita-explain."

Nimeahidi kwenda kumwona. Wiki hii zamu ni ndefu, na kazi ya Houston bado sijaigusa.

Jumatano, 12 Machi

Mungu wangu.

Nilifungua faili leo baada ya kazi. Hedifoni zile nzuri, pazia limefungwa. Siku tatu zimebaki, nikasema leo naanza kujenga. Nikasikiliza dakika moja. Nyuzi. Dakika tano. Nyuzi. Nikapandisha sauti mpaka sikio likauma. Nyuzi peke yake, nzuri, zinang'aa, na nyuma yake kitu kama maji yanayozunguka kwenye bomba.

Mzee hayupo.

Nikafungua picha ya sauti, ile ya rangi. Mahali ambapo mnong'ono ungekuwa ni peusi tii. Si hafifu. Peusi. Dakika zote ishirini na mbili.

Nilikaa nusu saa nikiilaumu programu. Halafu nikakumbuka kavideo ka kwenye simu. Sekunde tisa. Mzee ameinamisha kichwa, vidole vimetulia juu ya nyuzi, hajapiga hata moja. Na midomo yake inacheza. Inacheza! Nikaibandika simu sikioni: Ntahombaye. Barandereka. Majina mawili kamili kabla ya uzi wa kwanza.

Alikuwa ameshaanza. Mimi nikadhani anapumua.

Nilichukua mnong'ono wake nikaionyesha mashine nikaiambia: hii ndiyo kelele, ijue vizuri, iondoe popote utakapoikuta. Ikatii. Mashine haina kosa. Mnong'ono hauna noti, ni upepo wenye meno, na nilipoupeleka pamoja na mvumo wa kiyoyozi ukaonekana ni ndugu yake.

Faili ya zamani haipo. Kadi imefutwa na juu yake kuna saa mbili za ubatizo. Miaka kumi nafanya kazi ya sauti. Hata mtoto anajua unatunza nakala! Najichukia leo, nimeandika.

Lakini Mzee yuko hai. Niandike hilo pia kwa herufi kubwa: YUKO HAI. Nitakwenda kesho, nitamwambia, atanitukana, nitamrekodi tena hata kama hana inanga. Majina tu. Inatosha.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda. Kinasa sauti begini, betri mpya.

Mzee amekonda ghafla, mikono juu ya shuka kama si yake. Ana bomba la oksijeni puani. Anaongea, lakini kwa mnong'ono tu — sauti nyingine yote imemwishia, huo umebaki. Mama Elvire ameketi na rozari, Elvire amesimama dirishani na sare ya kazi.

Mzee alinishika kidole. Hakunisalimia hata. "Umewaweka vizuri?"

Niliona mlango umefunguka. Ilikuwa sentensi moja tu: hapana Mzee, nimewapoteza, naomba unitajie tena. Elvire alikuwa ananiangalia. Mama Elvire aliacha kuhesabu rozari ili asikie jibu langu.

"Wako salama, Mzee. Wote."

Akafumba macho. Uso ukalegea kabisa, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Mama Elvire akasema Mungu akubariki, mwanangu.

Na kinasa sauti? Hakikutoka begini. Nilijiambia ile mashine ya oksijeni inapiga kelele mno, itaharibu kila kitu, afadhali nije Jumatatu na maikrofoni ile ya kubana karibu na mdomo, nimwombe faraghani. Kelele! Hata leo nimetumia neno hilo.

Narudi Jumapili jioni kutoka Houston. Jumatatu saa tatu asubuhi niko pale. Nimeshaomba ruhusa kazini.

Jumamosi, 15 Machi

Houston. Masaa manne barabarani, mvua kuanzia Huntsville.

Sikuweza kujitoa. Jina langu limeshabandikwa ukutani. Usiku wa jana na wa juzi nimejenga kwa kile kilichopo: kila spika na uzi wake, na katikati, pale ambapo mnong'ono ungekuwa, sikuweka kitu. Ningeweka nini?

Watu walikaa chini kwenye zege. Wengine walifumba macho. Mwanamke mmoja alilia, simjui, akaja kunishukuru na akaondoka bila kusema jina. Kijana mwenye daftari akaniuliza kuhusu utupu ule wa katikati, kwamba masikio yake yalikuwa yanamtafuta mtu. Akataka kujua nimeupataje.

Wacuka alinikumbatia mbele ya kila mtu. "Aki Franck, umeniua! Inakaa ni kama mtu alikuwa hapo na ametoka tu saa hii. Uli-decide aje kutoa voice?"

Nikasikia mdomo wangu ukijibu: "Nilitaka msikilizaji aibebe mwenyewe ile hasara."

Ndivyo nilivyosema. Kwa sauti ya taratibu, ya msanii. Wamepiga makofi.

Kesho kuna mazungumzo na wasanii saa nane mchana. Nalala kwa Wacuka, Katy, chumba cha wageni chenye taulo zilizokunjwa kama hoteli. Nilifurahi leo. Nisijidanganye hapa: kwa muda wa saa nzima nilifurahi kweli.

Jumapili, 16 Machi

Simu niliizima wakati wa mazungumzo. Nilipoiwasha: Elvire mara nne.

Wamemwekea mpira kooni. Mashine inampumulia. Ilibidi, anasema, oksijeni ilishuka saa tisa mchana. Kabla hawajamlaza kwa dawa aliniulizia. Elvire akamwambia niko safarini, nitakuja kesho.

Naandika kwenye kituo cha mafuta kusini mwa Dallas.

Jumatatu, 17 Machi

Saa tatu kamili nilikuwa pale, kama nilivyopanga. Maikrofoni ya kubana mdomoni ilikuwa mfukoni. Mdomoni kulikuwa na plasta na mpira.

Elvire akasema anaweza kusikia, muongeleshe. Nikainama. Nikasema, Mzee, ni Franck. Basi. Mbele ya binti yake ningesema nini zaidi?

Mashine inavuta, inatua. Inavuta, inatua. Mara kumi na sita kwa dakika. Nimeirekodi dakika tatu, sijui kwa nini. Mkono ulibonyeza wenyewe.

Alhamisi, 20 Machi

Amefariki. Saa moja asubuhi. Nilikuwa kwenye mkanda wa mizigo.

Jumamosi, 29 Machi

Tumemzika. Padri alisoma kwa Kiingereza, kwaya ikaimba Kirundi, udongo wa hapa ni mwekundu karibu kama wa Kigoma. Inanga ilibebwa nyuma ya jeneza ikiwa kwenye blanketi. Watu walikuwa wengi, wengine walitoka Abilene, wengine Houston. Nililia. Wengine walidhani ni uchungu peke yake.

Baada ya chakula Mama Elvire akaniita kando, kwenye viti vya plastiki. Siku ya kuanua matanga, ile Warundi tunaita guca ku mazi, itakuwa Jumamosi tarehe 26 Aprili. Wameichagua makusudi, ni karibu na siku yake ya majina. Mwaka huu hakuna wa kuyataja. "Lakini wewe unayo," akasema. "Utaweka spika, tutamsikia. Halafu ndipo tutanywa."

Nikasema sawa, Mama.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Kwenye yale majina kuna kaka yake. Yeye mwenyewe anatoka kilima kingine, walikutana na Mzee kambini. Lakini kaka yake alikuwa mwalimu kwenye kilima cha kina Balthazar. Usiku ule wa mauaji, Balthazar, mtoto wa shule, alikwenda kugonga nyumbani kwa mwalimu wake. Mwalimu hakumfungulia. Asubuhi mwalimu naye wakamchukua.

"Nimeolewa na mtu aliyefungiwa mlango na kaka yangu," akasema Mama Elvire. "Hatukuwahi kuliongea. Hata siku moja. Ila kila mwaka nilikaa nyuma ya ukuta nikisubiri kama atamtaja. Na kila mwaka alimtaja. Wa mwisho kabisa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu."

Akanishika goti. "Umemsikia pale mwishoni, sivyo?"

"Ndiyo, Mama. Yote yamo. Mpaka la mwisho."

Nilitaka kumuuliza kaka yake anaitwa nani. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini aliyesikiliza hawezi kuuliza jina.

Jumapili, 6 Aprili

Wiki nzima na programu za kufufua faili. Nne tofauti. Kutoka kwenye kadi nimefufua: mtoto analia majini, padri wa Richardson anakohoa, sekunde kumi na moja za wimbo wa "karibuni mezani". Ubatizo umekaa juu ya Mzee kila mahali.

Kwenye faili iliyosafishwa, ukipandisha mno, baada ya kila uzi kuna vijisauti — s, sh, t. Makombo. Nimeyasikiliza mamia ya mara. Ukitaka kusikia Kirundi unakisikia. Ukitaka kusikia mvua unaisikia.

Majina ninayokumbuka kwa hakika ni saba. Mawili ya kwenye simu. Tisa. Kati ya thelathini na nane! Nilikuwa mita mbili kutoka mdomoni mwake, dakika ishirini na mbili, mtu mzima mwenye masikio mazuri kuliko watu wengi, na nilikuwa naangalia mita.

La mwisho naliona kama ninavyoona sasa hivi daftari hili: mshale mdogo ulipanda mara tatu, ukashuka, kisha uzi mnene. Mara tatu. Silabi tatu, pengine nne. Zaidi ya hapo sina.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempigia Elvire, nikajifanya naandika maelezo ya ukurasa wa kumbukumbu. Nikauliza kwa juu juu, mjomba wako yule mwalimu, jina lake linaandikwaje?

"Mimi sijui kabisa. Mama hamtajagi. Anamwita tu 'wa nyumbani'. Nilizaliwa kambini, Franck, hao watu kwangu ni story tu." Akaongeza: "Si yuko kwenye recording? Sikiliza tu."

Ndiyo. Nisikilize tu.

Kuna njia nyingine na naijua. Niende kwa Mama Elvire leo hii, nimwambie. Pengine wapo wazee Abilene au hata Kigoma wanaokumbuka nusu ya kilima kile, tungekusanya, tungefika ishirini, thelathini. Kila siku ninayonyamaza, hao wazee nao wanazidi kuzeeka. Naliandika ili nisije nikasema sikulijua.

Nilifika mpaka mlangoni kwake saa kumi na moja jioni. Nilisikia anaosha vyombo na kuimba sehemu yake ya kwaya. Nikarudi kwenye gari.

Jumapili, 13 Aprili

Nimefanya.

Kabatini, kati ya makoti, ndiyo studio yangu. Nilinong'ona. Sauti ya mtu ina koo, ina umri, mama yako anaijua kwenye simu hata ukiwa na mafua. Mnong'ono hauna koo. Wangu na wa Mzee, kwenye ile picha ya rangi, inafanana kama vumbi na vumbi. Nikauweka chini ya nyuzi, nikaulaza kwenye nafasi zake, nikarudisha hata mvumo wa kiyoyozi cha jirani! Nilikwenda kukirekodi upya kutoka kwenye ngazi za nyumba ya Mzee. Kwa mara ya kwanza nikatunza nakala. Tatu.

Majina mawili ya mwanzo ni yake, ya kwenye simu. Saba ni ya kweli kwa mdomo wangu. Ishirini na nane nimeyatunga — nimechukua watu wa kambini waliokufa kwa malaria, nimemchukua babu yangu, nimechukua jina la mama aliyekuwa anatugawia mahindi. Niliwataja kwa heshima. Nilijikuta nalia kwa babu.

La thelathini na nane nimeliacha kama ukungu. Silabi tatu zisizo na kitu, na uzi mnene nimeupandisha juu yake ulifunike. Mtu anayesubiri jina atalisikia mwenyewe. Si ndivyo nilivyowaambia wale wa Houston? Msikilizaji aibebe.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeijaribu kwa Elvire, kwenye hedifoni, nje ya kazi yake. Alisikiliza dakika mbili akazivua. "Ni yeye," akasema. Alinikumbatia, sare yake inanukia dawa ya kuoshea mikono. "Umetupatia baba."

Wacuka naye kaandika: maonyesho yameongezwa mwezi mmoja, na kuna ukumbi wa Dallas unaitaka ile kazi. Sijamjibu.

Nimefikiria kukata mwisho. Kuufifisha polepole kwenye jina la thelathini na tano, niseme betri iliisha. Uongo mdogo kuliko mkubwa. Lakini nilishamwambia mpaka la mwisho. Uongo wa kwanza umenifungia mlango wa uongo wa pili, na mimi ndiye ninayecheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika kwenye gari, maegesho ya kanisa. Saa tisa na dakika ishirini mchana. Jua kali. Kioo kimefungwa.

Ukumbi ulijaa. Maharage, ndizi, mchuzi wa samaki, kreti za soda na bia zimepangwa ukutani, hakuna aliyegusa, maana kwanza Mzee. Inanga imewekwa kwenye kiti chake mbele. Mama Elvire amevaa kitenge cheupe, amekaa kiti cha kwanza, karibu na spika ya kushoto. Hakutaka kusogea.

Nikabonyeza.

Walinyamaza hata watoto. Ntahombaye. Barandereka. Watu wakaanza kuitikia kwa kichwa. Mzee mmoja kutoka Abilene alikunja uso kwenye jina la kumi, akamwinamia jirani yake, akanong'ona kitu. Kwenye la kumi na tano tena. Halafu akatulia, nadhani alilaumu masikio yake. Mimi nilikuwa namwangalia Mama Elvire tu. Alikuwa anahesabu kwa rozari, punje kwa punje. Sikuwahi kufikiria kwamba anahesabu.

Thelathini na sita. Thelathini na saba. Akainua uso.

Uzi mnene.

Akasubiri. Spika ikaendelea kuvuma kiyoyozi changu. Akasubiri mpaka ikaisha kabisa, halafu akasema kwa upole, mbele ya wote: rudisha kidogo, mwanangu, masikio ya uzee. Nikarudisha. Akasogeza kiti mpaka goti likagusa spika. Rudisha tena. Nikarudisha. Ukumbi mzima unasikiliza ukungu wangu.

Mara ya tatu hakuomba. Alikaa na ile punje ya mwisho kati ya vidole, haishuki. Halafu akasema kwa Kirundi, si kwetu, kwa ile inanga: "Miaka hamsini na zaidi unamtaja. Ulipojua unakufa, ukamwacha nje."

Hakulia. Afadhali angelia. Alikitazama kile kiti kitupu jinsi mtu anavyomtazama mumewe nyumbani wageni wakishaondoka. Elvire alikuja kumshika bega, Mama akautoa mkono huo.

Nilisema naenda kuchukua waya kwenye gari.

Kwa hiyo sasa Mzee Balthazar ndiye mwenye kosa. Mtu aliyesamehe kila mwaka, kwa mdomo wake, mpaka pumzi ya mwisho — nimemfanya asiyesamehe. Mbele ya kilio chake. Mbele ya mke wake.

Elvire amekuja sasa hivi, kagonga kioo. Nikashusha kidogo. Macho mekundu. "Mama anasema recording inaweza kukosea. Anasema wewe ulikuwepo. Anakuja akuulize mwenyewe, usiondoke, please." Halafu akasema, "Jina lake ni Siméon. Amelisema leo. Mwalimu Siméon."

Siméon.

Mshale mara tatu. Si-mé-on. Inawezekana. Majina mangapi yana silabi tatu?

Naweza kusema ndiyo. Nilikuwepo, Mama, alimtaja, mashine ndiyo iliyokosea. Ni kweli labda. Ataniamini, atanywa soda, Mzee atakuwa huru. Na yale ishirini na nane yatabaki mle, babu yangu kati ya wafu wasio wake, na mzee wa Abilene ataendelea kuyalaumu masikio yake mpaka afe.

Au niseme yote.

Anakuja. Amevua viatu, ameviacha mlangoni, anakuja peku kwenye lami yenye joto hili, kitenge amekishika mkononi kisiburute. Elvire yuko nyuma yake, hamshiki. Ataniuliza nilichoulizwa na mumewe siku ile friji imezimwa: umewasikia? Ni mara ya kwanza leo kulisikia jina la Siméon. Au ni ya pili. Nilikuwepo, na sijui.

Amefika kwenye gari. Ameweka kiganja kwenye kioo. Nafunga daftari, nakishusha.